Robo ukurasa, na penseli badala ya kalamu nyekundu

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyelalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kuandika. Alilaumu simu, akalaumu uvivu, akawapitia walimu, akamalizia kwa kutaka adhabu. Barua ile nimeikata na kuibandika ndani ya jalada la daftari langu. Sikubaliani nayo, ila sauti yake naijua: miaka 6 iliyopita ningeiandika mimi mwenyewe, tena kwa ukali zaidi. Naomba nafasi ya kumjibu. Najua barua yangu ni ndefu kuliko mnavyopenda. Mkilazimika kuikata, kateni panaponihusu mimi, muache panapowahusu watoto.

Kwa miaka 31 nilikuwa msomaji prufu katika kiwanda cha uchapaji. Sijaandika kitabu hata kimoja. Nilivisoma vya wenzangu kabla havijafungwa, neno kwa neno, na ukurasa ukiwa mgumu niliusoma kutoka chini kwenda juu ili maana isinichukue nikapitwa na kosa. Kazi hiyo ukiifanya muda mrefu, jicho huacha kusoma likaanza kuwinda. Nilipostaafu, jicho lilibaki na njaa yake. Nilisahihisha mabango ya barabarani, kadi za harusi, hata ujumbe wa simu wa mpwa wangu, mpaka akaacha kuniandikia akawa anapiga tu.

Kwa hiyo jirani aliponijia na kusema, “Mzee, wewe si mtu wa vitabu? Kuna watoto hapa wanataka kuandika hadithi na hakuna mtu mzima wa kukaa nao,” sikujiuliza mara mbili. Watoto walikuwa 12, chumba cha kuazima, kila Jumamosi kwa saa mbili. Nilikwenda na kalamu nyekundu mbili, ya pili ikiwa ya akiba.

Siku ile ya kwanza mvulana wa miaka kama 10 aliniletea nusu ukurasa. Alikuwa ameandika hivi: “Mlango wetu aupendi kufunguliwa. Baba akija unalia. Mama akija unanyamaza. Mimi nikija unaniuriza umetoka wapi.” Iliendelea kidogo, lakini mimi tayari nilikuwa kazini. Nikazungushia “aupendi”. Nikazungushia “unaniuriza”. Nikaweka mkato hapa, nikafuta herufi kubwa pale, nikaandika pembeni “aya mpya”. Nilipomrudishia, karatasi ilikuwa na alama 14. Nilizihesabu kwa sauti, nikidhani namsaidia. Aliikunja mara moja, akaikunja tena, akaitia mfukoni kama mtu anayepokea risiti, akasema, “Ahsante, babu.” Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya tatu nilimfuata kwao, akanijibu kwa adabu kwamba siku hizo ana mazoezi ya mpira.

Hakurudi tena. Sentensi zake nne ninazijua kwa moyo mpaka leo. Katika yale makosa 14 ninayakumbuka mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya herufi moja.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa msomi. Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, mjukuu wake akiwa mmoja wa wale watoto. Alikuwa akimsubiri amalize, naye hakupenda mikono yake ikae bure, basi alikaa nyuma na gunia la mashati akishona vifungo. Siku hiyo binti wa miaka 9 alikuwa amekwama. Kwa nusu saa nzima karatasi yake ilikuwa na mstari mmoja: “Kulikuwa na mbuzi aliyeogopa mvua.” Mimi nilikuwa nimeshampitia mara mbili. Mara ya kwanza nilimwuliza kichwa cha hadithi ni kipi. Mara ya pili nilimkumbusha kwamba hadithi ina mwanzo, kati na mwisho. Mama fundi akainua macho kutoka kwenye kifungo chake.

“Ehe? Huyo mbuzi, mvua ilimfanya nini?”

Binti akatikisa kichwa. “Haikumfanya kitu yeye. Ilimfanya mama yake.”

Sindano ikasimama hewani. “Hilo,” akasema, “liandike.”

Aliandika kurasa tatu. Mama fundi akarudi kwenye mashati yake, na kila binti alipoinua kichwa alikuta yule mama anamtazama kidogo, anasema “ehe”, basi. Ehe, Mhariri! Mimi ninayejua ngeli zote na upatanisho wake, sikuwa nimelitumia neno hilo hata mara moja. Wala si siri ngeni kwetu. Msimulizi wa Kiswahili akisema “hadithi, hadithi” haendelei peke yake; husubiri aitikiwe “hadithi njoo”. Lugha yenyewe imeweka kiti cha msikilizaji kabla hadithi haijaanza. Tukimpa mtoto kalamu, kile kiti tunakiondoa, tunaweka meza ya mwamuzi.

Tangu siku hiyo nilianza kuyachunguza maswali, yapi yanafungua na yapi yanafunga. “Funzo la hadithi yako ni nini?” linafunga papo hapo, mtoto anaacha kumwona mbuzi, anaanza kutafuta methali. “Alikuwa amevaa nini?” linafungua. “Nani mwingine alikuwapo?” linafungua sana. “Ulisikia harufu gani?” humfanya mtoto afumbe macho, na mtoto akifumba macho kwa ajili ya hadithi ujue kazi yako imekwisha, ondoka mezani. Swali la hatari kuliko yote ni “Hii umeitoa wapi?” Hata ukiliuliza kwa kustaajabu, yeye analisikia kama tuhuma.

Nimetaja methali, nami nina neno nalo. Mwaka mmoja nilialikwa kuwa jaji katika shindano la insha. Sitalitaja, waandaaji ni watu wema. Insha zilikuwa 40. Kumi na moja zilianza kwa maneno yaleyale: “Wahenga hawakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa waliponena kuwa…” Kila msomaji wa gazeti hili aliyesomea Kiswahili anaweza kuendelea mwenyewe. Katika hizo 11, mbili zilikuwa na mistari sita ya wahenga kabla ya mtu yeyote kutoka nyumbani. Katika nyingine, majogoo yaliwika, jua likachomoza kwa madaha na umande ukametameta, na baada ya hayo yote ndipo mtoto akasema kwamba siku ile mdogo wake alipotea sokoni. Mdogo wake alipotea! Hilo lilipewa sentensi mbili. Umande ulipewa nne. Iliyoshinda ilikuwa ya mtoto wa miaka 8 aliyeandika “mustakabali”, “hatima” na “aidha” bila kukosea hata nukta. Wakati wa kutoa zawadi nilimwuliza kwa upole mustakabali maana yake nini. Akamtazama baba yake.

Siwalaumu watoto hao, wala walimu wao simlaumu hata mmoja. Mwalimu mwenye madaftari 60 ya kusahihisha usiku hana muda wa kusema “ehe” mara 60. Anachoweza kukipima haraka ni tahajia, mwandiko na misemo, basi ndicho anachokipima, na watoto, ambao si wajinga, humpa kile kinachopimwa. Hapa ndipo sisi wengine tunapohitajika. Kazi ya kusikiliza haihitaji cheti. Inahitaji mtu mmoja mzima kwa watoto watatu au wanne, saa moja au mbili kwa wiki, na awe na subira ya kukaa kimya. Watu wa namna hiyo wapo kila mahali. Leo katika kikundi chetu, mbali na mama fundi na mimi, kuna dereva mstaafu wa basi, kijana anayetengeneza redio, na mkunga ambaye watoto wanamgombania kwa sababu hashtuki kwa lolote. Mtoto akimwambia katika hadithi yake kichwa cha mfalme kilikatika kikaendelea kutoa amri, yeye anauliza amri zipi.

Msije mkadhani nimeiacha imani yangu na kuamini kwamba tahajia haina maana. Ina maana, na nitaeleza mahali pake, kwa mfano ambao sisi watu wa uchapaji tunapaswa kuujua kuliko wote. Mnamo 1924, kusini mwa Ufaransa, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aitwaye Célestin Freinet aliingiza mtambo mdogo wa kupigia chapa darasani. Alikuwa amejeruhiwa mapafu katika Vita vya Kwanza vya Dunia na hakuweza kuzungumza kwa muda mrefu bila kuchoka. Mwalimu asiyeweza kuhutubia ilibidi atafute njia nyingine. Aliwatoa watoto nje, wakatembea, wakarudi wakaandika walichokiona na walichotaka kusema wenyewe. Maandishi hayo yalisomwa mbele ya wenzao, wakachagua lipi lipigwe chapa. Kisha watoto walilipanga kwa mikono yao, herufi moja moja ya madini ya risasi, wakalichapa, na kurasa zikapelekwa kwa watoto wa shule nyingine mbali, huko Brittany, ambao nao walirudisha za kwao.

Nilipousoma mkasa huo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana niliona kitu ambacho mtu asiyewahi kupanga herufi huenda asikione haraka. Mtoto akipanga neno kwa herufi za madini hawezi kulipita kijuujuu. “Haupendi” ina herufi 8, na ukiokota 7 utaona pengo kidoleni kabla hujaliona kwa jicho. Na tena, kosa linapata sababu ya kuondolewa: kuna mtoto mwingine huko mbali, hajawahi kukuona, atasoma, na asipoelewa hutakuwapo kumfafanulia. Hiyo ndiyo sababu pekee ya tahajia kuwapo duniani. Kalamu yangu nyekundu haikuwahi kumpa yule wa mlango sababu hiyo. Ilimpa idadi tu.

Jambo lenyewe lilikuwa mbele ya pua yangu miaka 31. Prufu husomwa mwisho! Haikutokea hata siku moja mtu akaniletea wazo ambalo bado linatafuta miguu, akaniambia nilisahihishe. Mswada hupita kwa mwandishi, ukapita kwa mhariri, ukapangwa, ndipo ukanifikia mimi. Kwa watoto nilikuwa nimejiweka mlangoni.

Sasa tunafanya hivi. Rasimu ya kwanza haiguswi na mtu mzima. Anayetaka huisoma kwa sauti, asiyetaka huiweka. Anayetaka kuichapisha kwenye kijitabu chetu, ambacho ni karatasi mbili zilizokunjwa katikati na kutobolewa kwa sindano ya mama fundi, anakaa nami. Natumia penseli, na siandiki juu ya maneno yake. Naweka nukta ndogo pembeni mwa mstari wenye kasoro, yeye aitafute. Wiki moja tunatafuta aina moja tu ya kasoro. Ikiwa ni wiki ya “h”, basi “ata”, “apana” na “aupendi” ndiyo yetu, na “kurara” tunaipita kana kwamba hatukuiona. Mara ya kwanza kuipita “kurara” nilitokwa na jasho. Nimezoea.

Kuna mchezo mmoja ninaoupendekeza kwa yeyote anayetaka kuanza bila kujua aanzie wapi. Ni wa Gianni Rodari, Mwitaliano aliyekuwa mwalimu, kisha mwandishi wa habari, na mwaka 1970 akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen kwa maandishi yake ya watoto. Mwaka 1973 alitoa kitabu kuhusu namna ya kubuni hadithi, na ndani yake anaeleza kwamba neno moja pekee halizai kitu. Linahitaji kukutanishwa na neno jingine lililo mbali nalo. Mtoto mmoja anaandika neno upande huu wa ubao, mwingine anaandika lake upande wa pili bila kuliona la mwenzake. Mfano wake ni mbwa na kabati. Kisha unajaribu kuyafunga pamoja kwa njia mbalimbali. Kiswahili, naapa, kimeumbwa kwa mchezo huu: mbwa mwenye kabati, kabati la mbwa, mbwa kabatini, mbwa juu ya kabati, kabati linalomwogopa mbwa. Kila kiunganishi ni hadithi nyingine.

Siku tuliyoucheza kwa mara ya kwanza yalitoka “rubani” na “kiraka”. Wakubwa tukatazamana, tukaona hapa hapatoki kitu. Msichana wa miaka 11, mtulivu, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akichora maua pembeni mwa karatasi, akaandika kwamba mvua ni mawingu yaliyotoboka, na kuna rubani mmoja mzee ambaye kazi yake ni kupanda usiku kuyatia viraka, lakini macho yake yameanza kudhoofika, ndiyo maana siku hizi inanyesha ovyo. Akasoma. Kimya. Kisha mama fundi akauliza, kwa uzito wote wa kazi yake, “Huyo rubani kiraka anakitia kwa nje au kwa ndani? Maana cha nje huonekana.” Binti akafikiri, akashika kalamu, akaongeza kwamba anatia kwa ndani, hivyo inambidi aingie wingu zima, na humo hukutana na mvua za kesho zikiwa zimelala. Mvua za kesho zikiwa zimelala. Swali la kiufundi la fundi ndilo lililozaa sentensi hiyo, wala si sifa. Sifa zetu za “hongera, umejitahidi” hazizai kitu. Mtoto huzipokea, akakaa.

Nirudi kwa msomaji wenu na simu zake. Katika kikundi tuna mvulana anayeongea kama chiriku na kuandika kama konokono. Mkono wake hauuwezi mwendo wa kichwa chake; akifika sentensi ya pili ile ya tano imeshamtoroka. Yule kijana wa redio akampa simu, akamwambia ajirekodi akisimulia, kisha akae ajisikilize na kuandika anachokisikia, akiisimamisha kila anapotaka. Hadithi yake ya kwanza ilijaa kurasa nne. Tena akijisikiliza anajisahihisha mwenyewe: “Aa, hapa nimerudia.” Simu si mchawi. Tatizo ni kwamba mara nyingi simu ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba kinachomjibu mtoto.

Wala tusidhani watoto wanaongojea ruhusa yetu ili waandike ni wote. Mwaka 1826 mchungaji mmoja wa Uingereza alimletea mwanawe wanasesere 12 wa askari wa mbao. Kutokana na hao, watoto wanne wa nyumba ile, Charlotte, Branwell, Emily na Anne Brontë (mabinti hao watatu baadaye wakawa waandishi mashuhuri wa riwaya), walijenga nchi nzima za kubuni, na katika miaka iliyofuata wakawa wanashona vijitabu vidogo kama kiberiti, na hata majarida, yenye orodha ya yaliyomo na matangazo ya biashara kama ya wakubwa. Herufi zake ni ndogo kiasi kwamba mtu mzima anahitaji kioo cha kukuzia. Mimi kama msomaji prufu naiona hiyo kuwa ndiyo kinga bora kuliko zote waliyoweza kuibuni dhidi ya watu wa aina yangu.

Wapo waliokwisha kuliwekea jambo hili paa na kuta. Jijini San Francisco, mwaka 2002, mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walifungua kituo cha watu wa kujitolea kukaa na watoto wanaoandika. Kanuni za eneo hilo zilitaka pawe na duka, basi mbele wakafungua duka la mahitaji ya maharamia wa baharini, na watoto wakawa wanapita katikati ya bidhaa za maharamia kwenda kuandika. Huko Dublin, Ireland, mwandishi Roddy Doyle na mwenzake Seán Love walifungua chao mwaka 2009. Kule, watoto wa shule ya msingi hubuni mwanzo wa hadithi kwa pamoja, kisha kila mmoja huandika mwisho wake. Hili tumelijaribu sisi bila kituo wala duka, na nashuhudia linafanya kazi: mtoto mwoga huona mwanzo umeshabebwa na wengi, kilichobaki ni kumalizia tu, na katika kumalizia hujisahau.

Jambo moja sitalirefusha, lakini barua isiyolitaja ingekuwa ya kizembe. Wanaotaka kukaa na watoto wa watu wawe tayari kuwekewa masharti na wasione wametukanwa. Kwetu hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto faraghani. Tunakuwa wawili au zaidi, mlango wazi, na mzazi anajua saa ya kuanza na ya kumaliza. Hakuna picha ya mtoto wala hadithi yake inayotoka nje bila mzazi na mtoto mwenyewe kukubali. Na mtoto akikuuliza, kabla ya kukuonyesha karatasi, “Hutamwambia mtu?” usimwahidi. Mwambie ukweli: nikiona unaumizwa, nitamwambia anayeweza kukusaidia. Kati ya hadithi zote tulizosikia kwa miaka hii, moja ilikuwa ya jitu linaloingia usiku, na jitu hilo lilijua mahali ufunguo unapowekwa. Mkunga aliisikia mpaka mwisho bila kubadilika uso. Tulikuwa tumeshapatana mapema nani wa kuambiwa, akaambiwa siku ileile.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Gazeti lenu lina ukurasa wa watoto. Nimeusoma kwa miaka mingi. Una chemshabongo, una picha ya kupaka rangi, una ngano fupi, na una kona ya “Je, wajua?”. Vyote ni vizuri na vyote vimeandikwa na watu wazima. Katika ukurasa wa watoto mtoto hana mahali pa kusema neno isipokuwa kujaza miraba. Naomba robo ya ukurasa huo, mara moja kwa wiki. Maneno 200. Lichapwe jina la kwanza na umri, basi, bila shule wala mtaa wala picha. Msiweke zawadi, maana mkiweka zawadi wazazi wataandika, nimeshawaona. Msiweke mada pia. Mkiweka “Umuhimu wa elimu” mtaletewa wahenga na chupa zao kwa magunia.

Na wale ambao nafasi haitawatosha wajibiwe. Hapa najua mtasema hamna watu. Ni kweli, vyumba vya habari navijua. Lakini jibu linalohitajika ni la mistari miwili: sentensi moja ya mtoto inayonukuliwa kama ilivyo, na swali moja kuihusu. “Umeandika kwamba ngazi ya kwenu ina ngazi moja isiyopenda kukanyagwa. Nani aliigundua kwanza?” Mtoto akipata karatasi hiyo ataandika tena, bila kungoja kuchapwa. Niko tayari kuja kuyaandika majibu hayo bila malipo, nami si peke yangu. Wasomaji prufu wastaafu tupo, na wengi tunasumbua wapwa.

Nimeambatanisha hadithi moja ya kuanzia, kwa idhini ya mama yake na ya mwandishi mwenyewe, ambaye alikuwa na miaka 9 alipoianza. Ni ya yule mbuzi. Ina mistari 22 baada ya yeye mwenyewe kuipunguza mara tatu. Naomba jambo moja kwa atakayeipanga. Katika mstari wa 7 mbuzi anasema “ata mimi”. Niliweka nukta yangu ya penseli pembeni. Mwandishi akaitazama, akaelewa, akaifuta nukta. Akaniambia yeye anajua ni “hata”, ila mbuzi wake hajui. Iacheni ilivyo.

Wako,
Msomaji prufu mstaafu